Kamba ya Mbwa Asiyeonekana

Enzi zetu, wenzangu mliozaliwa kabla ya lami, gari lilisikika robo saa kabla ya kuonekana. Kwanza mngurumo kama wa tumbo lenye njaa, mbali huko nyuma ya vilima vya upande wa Kasulu. Halafu kimya, limeingia bondeni. Halafu mngurumo tena, sasa umenenepa. Wanawake waliokuwa wakipalilia muhogo waliegemea majembe, mmoja akasema, "Hilo ni la chumvi," mwingine akabisha, "La chumvi halikohoi hivyo, hilo la misheni." Sisi watoto tulikuwa tumeshaacha gololi vumbini, tunakimbilia barabarani, kamasi zinaning'inia na mashati hayana vifungo. Leo gari linampita kijana mgongoni karibu limchukue na sikio, naye hainui macho kwenye simu.

Mimi mnanifahamu. Asiyenifahamu aende stendi ya Kasulu au ya Kibondo, aseme anamtafuta mwenye Kosta za rangi ya maziwa, ataletwa mpaka mlangoni. Niliishia darasa la nne. Sikufukuzwa, niliona limenitosha. Leo nina Kosta tatu, Fuso mbili na nyumba yenye vigae ambavyo mvua ikinyesha havipigi kelele, na waliosoma mpaka wakaota mvi wananiita bosi. Sijisifu, nataja tu vilivyopo. Ila leo sikukaa kuandika habari za magari yangu. Nataka kuwasimulia mdogo wangu Veronika, ambaye kwa miaka arobaini hakuvuka barabara, na siku niliyosema lazima avuke, siku tuliyomzika mama.

Kwetu ni kwenye mteremko tunaouita Ruhuma, kati ya Kasulu na Kibondo. Barabara ilikata kijiji kama kisu kinavyokata ugali. Upande wa juu palikuwa na nyumba ya wazazi wangu, migomba yetu na makaburi ya ukoo. Upande wa chini alikaa bibi, mama yake baba, na huko ndiko kulikokuwa na shule, kanisa na chemchemi. Kwa hiyo kila siku ya Mungu tulivuka. Barabara yenyewe ilikuwa udongo mwekundu. Kiangazi unakwenda shule una nyusi nyekundu kama mzee aliyepaka hina, masika miguu inabeba matope ya kilo mbili kila mmoja. Kutoka Kasulu kwenda Kibondo ilikuwa safari ya siku nzima, na lori likikwama, siku mbili. Watu walibeba ugali wa muhogo na migebuka, samaki wakavu wa ziwani, ndani ya majani ya mgomba, walipika njiani, walilala njiani. Nimesikia kuna watu walichumbiana njiani. Mkifika mnajuana mpaka majina ya mbuzi.

Bibi alikuwa ametoka Kumsenga akiwa mwali, kwa miguu, na mpaka anakufa hakuwahi kupanda gari. Baba yake alikuwa mwindaji mwenye mbwa waliofungwa njuga shingoni. Nadhani ndiyo maana alilielewa gari kwa namna yake. Jioni tukimenya maharage barazani kwake, alikuwa akituambia, "Gari halitembei peke yake, wajukuu zangu. Kila gari lina mbwa. Anatangulia mbele, amefungwa kamba, nanyi hamumwoni. Gari likienda polepole kamba ni fupi, mbwa yuko hapo hapo puani. Likikimbia kamba inarefuka, mbwa yuko mbali mbele, na wewe mjinga unasema gari bado. Gari ni kweli bado. Mbwa ameshakushika."

"Dereva si anakanyaga breki, bibi?" tulimuuliza.

"Anakanyaga. Lakini kamba lazima iishe yote ndipo gari lisimame. Haikatwi katikati. Likibeba mzigo, kamba ndefu. Mvua ikinyesha, kamba ndefu. Na mtu aliyesimama kwenye kamba ni marehemu anayetembea. Utamwona anacheka, anasalimia watu, ana kuni kichwani. Hajui tu."

Akishasema hivyo anatia kuni jikoni na kutuuliza habari za shule, kama vile ametueleza bei ya dagaa. Sisi nywele zimesimama.

Basi tukawa watoto wa kuchungulia mbwa. Gari likija tunakaa juu ya kingo, hatutazami gari, tunatazama udongo mbele yake. Mwenzangu Yeremia aliapa kwamba amesikia njuga. Mimi sikuzisikia, lakini niliona hili, na nitalisema mbele ya yeyote: kuku waliokuwa wakichakura barabarani waliondoka kabla ya mlio. Waliinua vichwa, wakanyamaza, wakapisha kitu kipite. Mbuzi aliacha kutafuna. Kitambo kinapita, ndipo unasikia gari.

Na mimi ndiye niliyekuwa fundi wa kuhesabu. Juu kabisa ya Ruhuma palikuwa na mikaratusi miwili, na kila dereva akifika pale alibadilisha gia, gari likalia kama ng'ombe anayezaa. Kilio hicho ndicho kilikuwa saa yetu. Unaanza, rimwe, kabiri, gatatu, kane, kwa Kiha, maana kwa Kiswahili bado tulikuwa tunajikwaa. Land Rover ya misheni ilifika penye kivuko chetu kwa ishirini na tano. Lori tupu, thelathini. Lori la chumvi kutoka Uvinza, springi zinalia, dereva ameng'ang'ania gia ya kwanza, arobaini na tano. Sikukosea. Watu wazima waliotaka lifti waliniuliza wasimame wapi ili lori likisimama mlango uwe mbele yao, nami niliwaonyesha kwa kidole cha mguu. Mwalimu alisema kichwa changu kizito. Kizito kwa yale ya kwake.

Kila asubuhi mama alipika uji wa ulezi, akaujaza kwenye kibuyu, na Vero akampelekea bibi kabla ya kengele ya shule. Alikuwa na miaka minane, mimi kumi na moja. Amri ya mama ilikuwa moja: Vero havuki mpaka kaka yake aseme. Nasimama ukingoni, natega sikio kuelekea mikaratusi. Pakiwa kimya nasema, "Vuka." Anavuka.

Kosa letu lilikuwa kudhani kwamba kimya maana yake barabara ni tupu.

Wa umri wangu mnakumbuka miaka ile dizeli ilikuwa adimu kuliko nyama. Madereva wakagundua ujanja. Wakifika kileleni wanazima injini, wanaliacha gari lijiendee lenyewe, na kule bondeni wanaachia klachi linawaka. Kwenye vilima vingine walishaanza zamani. Ruhuma walikuwa hawajathubutu, kwa sababu ya kona. Sisi hatukujua. Wala hatukujua kwamba injini ikizimwa breki inakuwa ngumu kama jiwe. Utakanyaga kwa miguu miwili, gari litakusikia nusu.

Asubuhi hiyo ya masika ukungu ulikuwa umelala barabarani kama mgonjwa. Hatukuona ng'ambo. Niliona mkono wangu na mgongo wa Vero basi. Alikuwa na kibuyu kifuani, amekikumbatia kwa joto lake. Nikatega sikio. Hakuna kitu. Matone tu kwenye migomba.

"Kaka, nivuke?"

Nilitega tena. Nakumbuka niliona aibu kutega mara ya pili, mimi fundi.

"Vuka."

Akatelemka kwenye udongo. Nikahesabu nyayo zake kwa mlio, pwachu, pwachu, pwachu. Kisha ikaja harufu, ya magunia mabichi na mpira ulioungua. Sikuelewa harufu hiyo inatoka wapi. Halafu nikaona ukungu umevimba upande wa kushoto, na kutoka ndani yake ikatoka pua ya lori, kubwa kama nyumba inayotembea, bila sauti yoyote. Nasema bila sauti. Nilimwona dereva nyuma ya kioo, mdomo wazi. Halafu matairi yakaanza kulia kwenye tope, lori likapita mbele yangu, likapita, likapita, halikuwa na mwisho. Likasimama hatua kumi na moja kupita kivuko. Nilizipima baadaye. Magunia yalikuwa yameteleza juu ya kichwa cha lori na kupasuka, chumvi imemwagika kila mahali, nyeupe juu ya nyekundu.

Dereva aliitwa Sadoki, kila mtoto alimjua kwa sababu alikuwa akiturushia mabonge ya chumvi tulambe. Alishuka, akapiga magoti kwenye tope, akatapika. "Nimempitia," alisema. "Jamani, nimempitia. Nimemwona anaingia chini."

Tulichungulia chini. Hakukuwa na mtu.

Vero alikuwa ng'ambo. Amekaa kwenye mtaro, upande wa bibi, mweupe kuanzia nywele mpaka vidole kwa chumvi, macho tu ndiyo meusi. Kibuyu kiko mapajani. Uji haukumwagika hata tone. Watu walipiga yowe, wengine wakasali, mzee mmoja akacheka kwa furaha mpaka akakaa chini. Nilikuwa mtoto, nikatazama chini kama nilivyozoea kutazama. Nyayo zake zilikuwa pale kwenye tope, ndogo, safi. Zilitoka kwetu zikafika katikati ya barabara, alama za matairi zimepita huku na huku. Kutoka katikati kwenda mtaroni hapakuwa na unyayo hata mmoja. Sikumwambia mtu. Mvua ikaja kabla ya saa nne ikafuta yote.

Bibi hakupiga yowe. Alimwosha Vero kwa maji ya moto, akamlaza. Jioni mama akaja kumchukua. Nilikuwepo. Vero alifika ukingoni, akatazama katikati ya barabara, akarudi nyuma.

"Twende, mwana wanje," mama alisema. "Lori limeondoka. Saa hizi liko Kibondo."

"Lori ndiyo limeondoka," Vero alisema.

Mama alimbembeleza, baba akaja akambeba begani, Vero akalia mlio ambao sijausikia kwa kiumbe mwingine, baba akamrudisha. Wakasema atalala kwa bibi siku moja. Siku moja ikawa wiki, wiki ikawa utoto wote. Usiku ule ule mama aliniuliza, "Nani alimwambia avuke?" Nikajibu, "Alikimbia mwenyewe, mama." Hayo ndiyo maneno niliyosema.

Tangu hapo mama ndiye aliyevuka. Kila asubuhi, uji mkononi, mvua, jua, akiwa na mimba, akiwa mjane. Bibi akafariki, Vero akabaki katika nyumba ile. Akaolewa na Festo, mfuga nyuki, mtu wa upande huo huo, mpole kama asali yake. Akazaa, akasuka mikeka, akaimba kwaya. Watoto wake walikuja kwetu kula mahindi, yeye hakuja. Baba alipofariki, Vero alisimama ukingoni na kitenge kichwani mpaka watu wakatawanyika. Wageni walidhani ana ugomvi na sisi. Mtu akimuuliza alisema tu, "Siwezi." Na hakuwa mwoga, msifikirie hivyo. Ameua koboko kwa mchi.

Mimi nikaingia kwenye magari. Nilianza kwa kuosha, nikapanda kuwa utingo, nikashika usukani, nikanunua. Siku niliponunua Kosta ya kwanza niliipeleka kwa Vero, nikaiegesha uani kwake, nikapiga honi mpaka nyuki wa shemeji wakakasirika. Nilitaka aone. Aliizunguka mara mbili. Aliigusa puani kwa kiganja kama unavyomgusa ng'ombe.

"Nzuri, kaka. Kamba yake ina urefu gani?"

Kesho yake nilikwenda Ruhuma na chokaa kuipima. Mimi, fundi!

Ndiyo maana kwangu dereva haanzi kazi mpaka apimwe Ruhuma. Nachora mstari kwa chokaa, anakuja kwa mwendo niliomwambia, anakanyaga breki penye mstari, tunashuka, tunahesabu hatua. Mwendo wa arobaini, pakavu, hatua kumi na mbili. Mwendo wa themanini, watu hudhani ni ishirini na nne, maana ni mara mbili. Hapana. Ni arobaini na nane. Ukiongeza mwendo mara mbili, kamba inarefuka mara nne. Na hapo dereva alikuwa anausubiri mstari. Akishtukizwa, kabla mguu haujafika kwenye breki, gari limeshakula hatua nyingine ishirini na zaidi. Niligundua hayo kwa miguu yangu, sina cheti. Siku moja nilimweleza mwalimu wa fizikia wa sekondari, nikidhani nitamshangaza, akasema imo kwenye kitabu cha kidato cha tatu. Nikamwambia basi aliyeandika kitabu alipita Ruhuma.

Dereva wangu Baraka, kijana wa juzi, suruali imembana kama soseji, aliniambia, "Bosi, hii mashine ina breki za kompyuta."

"Iwe na kompyuta, iwe na rozari. Shuka upime."

Halafu lami ikaja. Tulishangilia, tukachinja. Mikaratusi ikang'olewa, kona ikanyooshwa, na safari ya siku nzima ikawa saa moja na nusu. Leo watoto wanapanda Kosta yangu Kasulu, kabla hatujamaliza Kabanga wameshaanza, "Oya konda, mwambie suka akanyage, tunachelewa!" Wanachelewa wapi? Nimewahi kumuuliza mmoja. Akatoa kile kidude cha muziki sikioni, akafikiri kwa dhati kabisa, akasema hajui.

Lakini penye kivuko chetu madereva hawakupita kwa kasi. Hilo ndilo lililokuwa linanitia baridi. Lami mpya, mteremko umenyooka kama rula, hakuna tuta wala kibao, na kila gari lilipunguza. Ukienda kutazama ungekuta michirizi myeusi ya matairi, kumi, ishirini, mmoja unaanzia huku mwingine kule, yote inaishia pamoja, kama hatua kumi na moja kupita kivuko. Baraka aliniuliza, "Bosi, pale kwenu pana nini? Mguu unakanyaga wenyewe." Na miaka ile kambi ya wakimbizi ya Mtendeli ilipokuwa wazi na magari yamejaa njiani, mama mmoja Mkongomani wa Nyarugusu, muuza vitenge, alikaa kiti cha mbele nikiendesha mwenyewe. Tulipopita pale aligeuka kutazama nyuma.

"Patroni, ule mutoto mweupe pale katikati ya barabara, ni wa nani?"

Nilitazama kwenye kioo. Lami tu, inang'aa kwa jua la saa sita.

"Mtoto gani, mama?"

"Ameshika kitu kwa kifua," alisema. Kisha akaona uso wangu, akaanza kunionyesha vitenge.

Mwaka huu, kiangazi, mama akafariki. Alikuwa mzee sana, na asubuhi ile alikuwa amevuka kama kawaida, akarudi, akalala asiamke. Kaburi likachimbwa upande wa juu, ubavuni mwa baba. Nikasema mbele ya ukoo wote, Vero lazima avuke. Baba yake amezikwa yeye hayupo. Mama yake hatazikwa hayupo, si mimi nikiwa hai na mali yangu.

Nikafanya mambo ya kibosi. Niliongea na trafiki wakakubali. Kosta moja nikaiweka hatua mia mbili juu ya kivuko, imekaa kiubavu, taa zinawaka, nyingine hatua mia mbili chini, na matawi mabichi mbele yake. Saa tisa alasiri barabara ya Kasulu na Kibondo ilikuwa imekufa. Foleni huku, foleni kule, injini zote zimezimwa kwa heshima ya msiba. Katikati mita nyingi za lami tupu. Kimya kile sikukipenda, lakini nilijikaza. Nikavuka, nikamkuta Vero ukingoni amevaa nguo nyeusi, Festo pembeni yake, watoto nyuma.

"Nimeyasimamisha yote," nilimwambia. "Tazama. Hakuna mbwa mwenye kamba ya kufika hapa. Nipe mkono."

Alinipa. Kiganja kigumu cha mwanamke wa jembe. Nami nikaona bila kulisema lile neno la zamani sitaweza kumvusha.

"Vero. Siku ile ni mimi niliyesema vuka. Nilimwambia mama kwamba ulikimbia."

"Najua, kaka. Si nilikuwepo?"

"Hukuwahi kunitaja."

"Ungepigwa."

Tukasimama. Aliweka kidole gumba cha mguu kwenye lami. Nilikuwa natazama juu, kilimani, kama nilivyofundishwa. Yeye hakutazama juu. Alitazama pale pale alipotazama tangu ana miaka minane, katikati ya barabara, chini kidogo, kimo cha mtoto. Na hapo, kiangazi, udongo mkavu, jua linawaka, nikasikia harufu ya magunia mabichi.

"Mimi siogopi magari," Vero alisema. "Nikipita nitamkanyaga."

"Nani?"

"Yule. Ulimwambia avuke, akafika pale. Hakuna aliyemwambia kitu kingine."

Akauondoa mguu wake, akauachia mkono wangu. Kule juu kijana mmoja akapiga honi, akanyamazishwa.

Nikarudi upande wa juu. Jeneza lilikuwa tayari mabegani, linaelekea makaburini. Nikasema, "Tunampeleka kwa Vero kwanza."

Baba mdogo Gervas akanizuia kwa fimbo. "Maiti aliyekwishatoka nyumbani hageuzwi njia! Una pesa, huna adabu?"

"Baba mdogo, amevuka kila siku kwa miaka arobaini. Leo asivuke kwa sababu amekufa?"

Baba mdogo akaondoa fimbo, akaenda yeye mwenyewe kutangulia.

Walibeba wanaume wanne, na Baraka mmojawapo. Niliwafuata nyuma. Nitasema nilichokiona, mnaonijua mnajua sina kipaji cha kutunga. Walipofika katikati, bila mtu kuwaambia, wanaume wale wanne walijisogeza kando kwa pamoja, wakazunguka kitu, kama mnavyomzunguka mtoto aliyekaa njiani, wakaendelea. Hakuna aliyetazama chini. Wakafika, wakaliteremsha jeneza juu ya mkeka wa Vero, mbele ya mlango.

Vero alipiga magoti, akaweka viganja viwili juu ya mbao.

"Leo umechelewa, mama," alisema.

Ndipo alipolia, na sisi wote. Tulikaa pale kwa muda wa nyimbo tatu. Kisha wakalinyanyua. Tukarudi. Nilikuwa natazama miguu ya wabebaji, macho yangu hayakupepesa. Walifika katikati, wakapita. Moja kwa moja, hawakuzunguka kitu. Na ile harufu haikuwepo, kama vile mama amepita na mtoto wake.

Nikageuka. Vero alikuwa amesimama ukingoni, anatazama lami. Alitazama kama mtu anayetazama kiti baada ya mgeni kuondoka. Safari hii sikumwambia vuka. Midomo yangu niliifunga kwa meno. Akavua ndala, akazishika mkononi, akakanyaga. Hatua kumi na mbili, nilizihesabu kwa sababu siwezi kuacha. Akapita mbele yangu, akaingia kwenye migomba yetu ambayo hajaigusa tangu ana meno ya utoto, akafuata jeneza la mama yake.

Sasa anakuja kwetu anavyotaka. Amepanda Kosta mpaka Kibondo sokoni, akarudi akilalamika kwamba muziki ulikuwa mkubwa. Nilipaswa kuwa mtu mwenye furaha kuliko wote kati ya Kasulu na Kibondo, na nyumba yangu ya vigae.

Lakini wiki ya pili baada ya msiba nilikwenda kutazama lami. Michirizi ya matairi inafifia, na mipya hakuna. Baraka anasema mguu wake haukanyagi tena pale, anapita kama anavyopita pengine. Wote wanapita. Wanashuka Ruhuma kwa mia moja na ishirini, na shule iko upande ule ule ilikokuwa, na watoto wa siku hizi wanavuka bila kutega sikio, maana hakuna aliyewafundisha. Kwa miaka arobaini kulikuwa na kitu pale kinachowazuia. Sasa hakuna.

Nimeomba matuta, nimeambiwa nisubiri. Nimewashauri wenye mabasi wenzangu, wamecheka. Basi kila asubuhi, kabla ya kengele, mwenye Kosta tatu na Fuso mbili anasimama ukingoni na tawi mkononi. Dada yangu anasimama upande wa pili. Madereva vijana wanatuona mbali, wanapiga honi, wanauliza wale wazee wanatafuta nini barabarani.

Enzi zetu gari lilikuwa polepole na tulikimbia kulilaki. Siku nzima ilipotea kati ya Kasulu na Kibondo, na hatukuona kwamba tumepoteza kitu. Sasa ni saa moja na nusu, na hakuna mwenye nafasi ya kusimama hatua kumi na mbili za mtoto zipite.